Cherehani ya Masaka: Je, Vita Hurithiwa?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziketisha katika jamvi moja hazisemezani. Moja yasema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya pili yasema: la kuvunda halina ubani. Ya kwanza yatutaka tuipe jana kisogo kwa kuwa haiumi tena, na nguvu zetu tuziweke kwa ajili ya kesho. Ya pili yatuonya kwamba kilichooza kitanuka tu, hata tukifukizie ubani wa Hadhramaut nzima. Kwa miaka mingi nilizitumia zote mbili bila kuona tatizo, kila moja kwa siku yake, kama mtu mwenye kanzu mbili. Tatizo nililiona pale vijana wa kwetu Rubafu waliponiomba niwasaidie kutunga mchezo wa jukwaani juu ya Vita vya Kagera.

Vijana hao walizaliwa zaidi ya miaka 20 baada ya vita vile kumalizika. Ombi lao lilikuwa jepesi masikioni: "Mzee, tuandikie jinsi mababu zetu walivyompiga Nduli." Neno hilo, nduli, walilipokea kwa bibi zao kama walivyolipokea jembe na kinu. Hawakulichagua. Nami nilipokaa kuandika, nikajikuta siwezi kuvuka ukurasa wa kwanza, kwa sababu mbele yangu palisimama swali ambalo sikulitarajia. Je, vita hurithiwa? Mtu aliyezaliwa baada ya bunduki kunyamaza anadaiwa nini na waliokufa? Na je, anadaiwa chochote na wale ambao watu wake mwenyewe waliwaumiza?

Kwa msomaji wa pwani ambaye hajafika kwetu, Rubafu ni kata katika Wilaya ya Bukoba, kaskazini mwa mji, mahali ambapo nchi kavu imejisogeza ndani ya Ziwa Viktoria, ziwa ambalo wazee wetu waliliita Rweru, milki ya Mugasha, bwana wa maji na mawimbi. Ni nchi ya migomba na kahawa, na ya wavuvi wa dagaa na sangara. Nyumba hukaa ndani ya kibanja chake, na marehemu hapelekwi mbali. Huzikwa humohumo, kando ya wanaobaki. Kwa hiyo mtoto wa Kihaya hukua akipita karibu na kaburi la babu yake kila aendapo kukata mkungu. Wafu wetu ni majirani, na jirani hasemwi ovyo.

Watu wa visiwani wana sababu yao ya kuufahamu mpaka wetu, hata kama hawajauona. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mapatano ambayo kwayo Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Karatasi ileile ndiyo iliyopitisha mpaka magharibi ya ziwa letu katika latitudo ya nyuzi 1 kusini. Mstari ule ulinyooka kama uzi wa seremala; Mto Kagera haukunyooka. Mto hupita kusini mwa mstari huo, kisha hupinda na kuingia ziwani upande wa Uganda, na kwa sababu hiyo kipande cha nchi kilibaki ng'ambo ya mto lakini ndani ya Tanganyika. Waliokaa kaskazini na kusini mwa mstari waliendelea kuoana na kuzikana, kwa lugha ambazo mwenye sikio jepesi hahitaji mkalimani. Lakini mstari ulikuwa umekwisha kuchorwa, ukingoja siku yake.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakakikamata kipande kile, na Amin akatangaza kwamba Uganda sasa yafika ukingoni mwa mto. Ndege zake zilidondosha mabomu hata mjini Bukoba. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, wanawake wakanajisiwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kuwa tutapigana. Jeshi letu, lililokuwa na askari wa bara na wa visiwani, pamoja na mgambo waliotoka mashambani, liliwarudisha wavamizi, na Januari 1979 likavuka mpaka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Hayo yamo katika vitabu vya shule, nayo ni kweli.

Yasiyosimuliwa sana shuleni ni kwamba mji mdogo wa Mutukula, upande wa Uganda, ulisawazishwa na ardhi na majeshi yetu ili kulipiza yaliyotendwa Kagera, na raia waliuawa pale, hata Nyerere mwenyewe akafadhaika na kuamuru raia wasiguswe. Mwezi uliofuata Masaka ikatekwa, na sehemu kubwa ya mji huo ikabaki kifusi. Hayo pia ni kweli. Kweli hizi mbili hazifutani. Aliyevamiwa alikuwa na haki ya kujitetea. Na mwenye duka wa Masaka hakuwa amemtuma Amin.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa. Rubafu yetu haikutekwa, maana iko kusini mwa mto, lakini vita vilifika vikiwa na miguu ya watu. Ulikuwa msimu wa senene, na wakati sisi watoto tukiwakimbilia senene alfajiri, tuliwakuta njiani watu waliotoka ng'ambo ya Kagera, wamebeba magodoro na watoto, wengine hawakubeba kitu. Nyumbani kwetu walilala watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Mama yangu alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Ndugu yake wa kiume, mjomba wetu, alikuwa mgambo, akaondoka na jeshi.

Alirudi katikati ya mwaka 1979, amekonda, na begani amebeba kitu kilichoviringishwa katika blanketi. Kilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu yaliyofifia. Mama akamwuliza imetoka wapi. Akajibu maneno mawili: "Masaka. Nimeiokota." Hakuna aliyeuliza zaidi. Katika kisanduku cha cherehani ile mlikuwa na kipande cha kitambaa cha kijani: kola ya shati la mtoto, imeshonwa nusu, uzi bado unaning'inia.

Kuanzia hapo Mama akawa fundi. Alishona sare za shule za nusu ya kijiji, na magauni ya ndoa, na sanda. Shati nililovaa nikimaliza darasa la saba lilitoka katika cherehani ile. Shule yangu iliishia hapo. Lakini kamusi ya kwanza niliyojifunzia Kiingereza, na vitabu vya mashairi nilivyovisoma kwa kibatari mpaka nikathubutu kutunga, vilinunuliwa kwa senti za mshono. Ndugu msomaji, nalisema hili wazi kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Kama leo mimi ni mtu wa kalamu, basi kalamu yangu ilichongwa na chombo ambacho mtu fulani wa Masaka alikiacha akikimbia, au hakupata nafasi ya kukimbia.

Mjomba alifariki mwaka 1988. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ule ulichukua kizazi kizima cha watu wazima, yeye akiwa mmoja wao. Jambo hili lina uzito katika mada yetu kuliko linavyodhaniwa. Aghalabu habari za vita hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mwana huyo, akiwa na nguvu za kubisha, huuliza: "Wewe mwenyewe ulifanya nini?" Kwetu mnyororo ule ulikatika pingili ya kati. Wajukuu walilelewa na bibi. Na bibi, aliyezika watoto wake, aliwapa wajukuu vita vilivyopembuliwa: ushujaa ulibaki ungoni, makapi yakapeperushwa. Nani atamlaumu? Lakini ndipo tulipopata vijana wanaojua nduli alifanya nini Kyaka na hawajapata kusikia jina la Mutukula ila kama kituo cha mabasi yaendayo Kampala.

Wala hatukuanzia kwa mjomba. Babu mzaa mama alikuwa kijana Juni 1915, Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakauangusha mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Babu aliisimulia siku ile kwa kicheko: nani alibeba nini, nani aliangukia wapi. Mjomba, akiwa mtoto, aliisikiliza jioni nyingi. Sidai kwamba alijifunza kuokota hapo. Nasema tu kwamba hadithi ile ilisimuliwa miaka yote bila mwenye mali kutajwa.

Sasa tuingie katika sanaa yenyewe, maana vijana hawakuomba utenzi, waliomba mchezo. Sisi Waswahili, na Wahaya pia, tuna mazoea marefu ya kuimba vita. Kwetu kuna nanga, na watambaji wake waliowaimba mashujaa usiku kucha; pwani kuna tenzi. Hata vita hivi vya Kagera vilipata utenzi wake mapema, mwaka 1981, kwa kalamu ya Henry Muhanika. Naupenda utenzi na sitausema vibaya. Lakini utenzi una mdomo mmoja. Hata adui akisema ndani yake, husema kwa sauti ya mtambaji, na mtambaji anajua tangu beti ya kwanza nani atashinda. Tamthilia haina raha hiyo. Ukitaka adui awepo jukwaani, hapana budi mtu mmoja kati yenu avue nguo zake, avae za adui, asimame pale kwa miguu yake na aseme "mimi". Na akishasema "mimi", hawezi tena kuwa nduli mtupu. Amekuwa mtu, hata akiwa mtu mbaya.

Jambo hili ni la kale. Tamthilia kongwe kuliko zote za Wayunani zilizotufikia ni ile ya Aeschylus juu ya Waajemi, iliyochezwa Athene mwaka 472 kabla ya Kristo, miaka minane tu baada ya Waajemi kuuchoma mji huohuo. Mtunzi mwenyewe alikuwa amepigana nao, na ndugu yake alikufa vitani Marathon. Mtu angetegemea kwamba angeandika shangwe za Athene. Badala yake aliiweka hadithi yote katika nyumba ya adui, akamsimamisha mama wa mfalme wa Uajemi akingoja habari za mwanawe. Wajane na wazazi wa Athene waliketi wakimsikiliza mama huyo akiomboleza. Sijui kitendo kingine cha ujasiri wa kalamu kinachokizidi hicho.

Na sisi hatukuachwa nyuma. Ebrahim Hussein, baada ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alitoa Mashetani mwaka 1971, ambamo Juma na Kitaru, vijana wawili marafiki, mmoja wa ukoo uliopoteza katika mapinduzi na mwingine wa ukoo uliopata, wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu. Msomaji wa visiwani hahitaji kuambiwa mbuyu ule umeota wapi. Mwaka 1984 Penina Muhando akatoa Lina Ubani, tamthilia iliyozaliwa na vita vyetu vya Kagera na miaka migumu iliyovifuata. Jina lake tu ni jibu kwa methali niliyoanza nayo. Methali yasema halina. Mwandishi asema linao. Na tusisahau kwamba yule aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu katika vita vile alikuwa pia mfasiri wa tamthilia, aliyetupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili. Mtu aliyemfasiri Shylock alijua kwamba anayechukiwa na wote naye hupewa zamu ya kusema.

Nikiwa na mawazo hayo nilikwenda kwa Mama, ambaye sasa amepita miaka 80, nikamwambia nataka cherehani iwe ndani ya mchezo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa Kihaya, nami nafasiri:

"Mwanangu, mjomba wako amelala pale chini ya migomba. Hawezi kuamka akaeleza. Alinikuta mjane, watoto hamna nguo. Sasa wewe unataka kumsimamisha mbele ya watu aonekane mwizi, kisha watu wapige makofi, kisha waende kula?"

Nakiri kwamba katika vitabu vyote nilivyofasiri sijakutana na pingamizi lenye nguvu kuliko hilo. Lina mambo matatu ndani yake. Kwanza, marehemu hana wakili. Kumshtaki asiyeweza kujibu si uadilifu. Pili, jukwaa ni mahali pa burudani, na kuna aibu katika kuugeuza msiba kuwa burudani. Tatu, gharama ya ukweli hailipwi na anayeutunga; hulipwa na wajukuu wa mjomba wanaoishi palepale kijijani, ambao kesho watachekwa kisimani. Mtu akisema "yaliyopita si ndwele", si lazima awe mwoga. Pengine anawahurumia walio hai.

Nilirudi Unguja na pingamizi hilo kifuani, nikakaa nalo miezi. Nilimsoma tena Mjerumani Karl Jaspers, ambaye mwaka 1946, nchi yake ikiwa kifusi, aliandika juu ya hatia ya watu wake. Alikataa kwamba taifa zima liweza kuwa mhalifu kama mtu mmoja. Akatenganisha hatia ya aliyetenda jinai, na dhima ya raia kwa matendo ya dola yake, na hatia ambayo mtu huijua peke yake katika dhamiri, na ile iliyo mbele ya Mungu tu. Nilijaribu kujiweka katika mafungu yake, nikakosa fungu. Sikuiba. Sikumtuma aliyeiba. Nilikuwa mtoto. Lakini shati nililivaa.

Hapo ndipo nilipoona, na hili ndilo jambo moja ninalotaka kulisema katika makala hii. Hatia hairithiwi, lakini cherehani hurithiwa. Kosa la mtu hufa naye, na Mola wake ndiye ajuaye hesabu yake. Wala si haki kumtwisha mjukuu. Lakini kilicholetwa na kosa hubaki nyumbani, huendelea kuzaa, huvisha, husomesha. Anayekula matunda yake haitwi mwizi. Anaitwa mdaiwa. Na tofauti kati ya mwizi na mdaiwa ni kubwa: mwizi huogopa kutajwa, mdaiwa hutaka kumjua anayemdai. Kwa hiyo methali zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zaizungumzia jana kana kwamba ni mwili, ama umepona, ama umeoza. Jana ya vita ni deni, na deni halina afya wala ugonjwa. Lina mwenyewe tu.

Tatizo ni kwamba mwenye deni langu simjui. Mwaka 1999 nilipita Masaka kwa basi, nikashuka kwa saa mbili. Niliona mafundi cherehani wameketi barazani, miguu ikikanyaga, kitambaa kikiteleza. Nilipita mbele yao mara tatu nikashindwa kumwuliza hata mmoja. Ningeuliza nini? Nikapanda basi. Mtu wa namna yangu hana mahakama ya kwenda, wala hana pa kurudishia. Amebakiwa na mahali pamoja tu ambapo asiyejulikana aweza kupewa kiti akaketi, nako ni jukwaani. Nalo jukwaa halitoi hukumu. Kazi yake ni kumwita mdai aje, azungumze, na sisi tuliovaa tumsikilize.

Nilimrudia Mama na mambo mawili: kwamba mjomba hatakuwa na jina lake wala sura yake, na kwamba mchezo hautakuwa juu ya aliyeichukua cherehani bali juu ya waliobaki nayo. Nilimsomea pia beti niliyoitunga iimbwe na vijana wote katikati ya mchezo, nami nilikuwa nikijivunia beti hiyo:

Cherehani ya mgeni, yashona nguo za wana,
Mwenyewe yu hali gani, hakuna aliyenena,
Sindano yenda nguoni, na uzi wafungamana,
Wa huku na wa ng'amboni, vazi moja wavishana.

Mama aliomba niirudie. Kisha akasema: "Ni nzuri, ila mwisho ni uongo. Hatukuvishana. Sisi tulivaa, yeye hakuvaa."

Nimetunga mashairi kwa miaka 30 na zaidi, na hakuna mhakiki aliyewahi kunisoma kwa haki namna ile. Vina vilikuwa vimetimia, mizani imetimia, na kwa ajili ya kutimiza nilikuwa nimelisamehe deni langu mwenyewe bila kumwuliza mdai. Sisi watunzi tunapaswa kuihofia sana ladha hiyo ya kupatanisha kwa kina cha mwisho watu ambao hawajapatana. Upatanisho wa namna hiyo ndio ubani ambao wahenga walitukataza.

Jambo la pili aliloliuliza Mama lilihusu yule mwanamke. Katika maandishi yetu tulimwita "Mama wa Masaka". Mama akasema asiye na jina haumwi, mpeni jina. Tukauliza jina gani. Akafikiri, akasema: "Mwiteni Nyakato." Kwetu Nyakato ni pacha wa pili, wa kike. Upande wa Buganda pacha huyohuyo huitwa Nakato. Ni jina moja lililovuka mpaka kwa badiliko la herufi moja.

Mchezo ulionyeshwa mara moja, katika uwanja wa shule, alasiri. Jukwaa lilikuwa vumbi lililonyunyiziwa maji. Msichana aliyecheza Nyakato aliketi pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho, kola ya kijani mapajani, na kila cherehani ilipozungushwa katikati, aliinua kichwa. Hakuna aliyepiga makofi mwishoni, si kwa kukasirika, bali kwa kuwa watu hawakujua kama yamekwisha. Ndipo mzee mmoja, mmoja wa wale waliokuja wakikimbia kutoka ng'ambo ya Kagera mwaka 1978 na hakurudi tena kwao, akasimama kwa mkongojo wake, akauliza:

"Vizuri. Na ng'ombe wangu, nani atawatia katika mchezo?"

Watu wachache walicheka, kisha wakaacha. Alikuwa na ng'ombe 14, akawataja kwa rangi zao, mmoja mmoja. Akamtaja na kijana aliyekuwa akiwachunga, mtoto wa kaka yake, ambaye mifupa yake haikuonekana. Sikuwa na jibu la kumpa. Mtu anayelitaja deni lake kwa Masaka hana ruhusa ya kusahau kwamba Kagera nayo inadai, na kwamba wadaiwa wa mzee huyu wako mahali fulani Uganda, au wamekwisha kufa, na pengine wajukuu wao walisomeshwa kwa ng'ombe wale kama mimi nilivyosomeshwa kwa cherehani. Laiti mmoja wao angekuwa anaandika mchezo hivi sasa.

Mzee tukamwomba akae na vijana jioni ile, nao wakaandika. Onyesho lake limeongezwa. Limekaa kabla ya lile la cherehani, kama lilivyotangulia katika maisha. Mama hakuja uwanjani. Alisema macho hayamruhusu. Lakini siku ya mazoezi ya mwisho aliwatumia vijana kitambaa cha kijani, amekikata mwenyewe.

Beti yetu bado inaimbwa katika mchezo, ikiwa na mishororo mitatu. Vijana wakifika penye wa nne hunyamaza kwa pumzi kumi na sita, kadiri ya mizani yake, wakimtazama Nyakato. Wasomaji wa jarida hili ni mafundi wa shairi, nao watasema beti hiyo imepungua. Ni kweli, imepungua. Mshororo ule si wetu kuutunga.